UCHAMBUZI: Kabla ununue nyumba ya kupangisha Pwani, jiulize nani atalipa kodi mwezi Mei

Fungua simu yako leo jioni na hutamaliza dakika tano bila kukutana na tangazo la ploti ya Kilifi, Vipingo au Diani. Droni inapaa juu ya minazi, bahari inameta kwa mbali, kisha sauti inakwambia kwamba kwa amana ndogo na malipo ya kila mwezi, wewe pia unaweza kuwa landlodi wa Pwani. Tangazo linalofuata ni la studio ya Nyali iliyojaa wageni wa Airbnb. Hesabu yake ni rahisi: Sh5,000 kwa usiku, mara siku 30, unatia mfukoni Sh150,000 kila mwezi. Umeomoka.

Vijana wengi walio kwenye ajira ya kwanza au ya pili wanasikiliza, na mtu asiwaite wajinga. Kodi ya nyumba ni pesa wanayoiona ikitoka mifukoni mwao kila mwezi, kwa hivyo wanajua kuna mtu mahali fulani anayeipokea. Mbona wasiwe wao?

Tatizo ni kwamba droni haionyeshi mambo matatu: mapato ya mwezi Mei, asili ya hatimiliki, na kile kinachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama nyumba ya Pwani itakulisha au utailisha wewe.

Kwa nini kelele zimezidi sasa

Mwanzoni mwa 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Februari mwaka huo, serikali iliuza hatifungani ya miundomsingi iliyolipa asilimia 18.46 kwa mwaka, bila ushuru. Kwa mtu mwenye akiba, hakukuwa na sababu ya kuhangaika na mpangaji, fundi wa mabomba na keateka wakati serikali inalipa hivyo.

Mambo yakageuka. Kuanzia Agosti 2024, Benki Kuu ilianza kushusha kiwango hicho, na kufikia Agosti 2025 kilikuwa asilimia 9.5. Mapato ya hatifungani mpya yakashuka pia. Pesa zilizokuwa zimetulia serikalini zikaanza kutafuta kwingine pa kwenda, na wauzaji wa ploti na nyumba wanalijua hilo vizuri.

Kisha kuna barabara. Reli ya SGR imekuwa ikishusha abiria Miritini tangu 2017. Barabara ya Dongo Kundu imemwezesha mtu kutoka upande wa Mombasa bara hadi Kwale bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Upande wa kaskazini, barabara ya Mombasa kuelekea Mtwapa na Kilifi inapanuliwa. Kila tangazo la ploti hutaja mojawapo ya hizi.

Ni kweli kwamba barabara hubadilisha mji. Lakini bei ya ploti hupanda kabla ya lami kufika, ilhali kodi ya nyumba hupanda baada ya watu kufika. Kati ya hayo mawili miaka inaweza kupita, na anayenunua leo kwa bei ya kesho ndiye anayelipia huo muda wa kungoja.

Wacha tupige hesabu

Tuchukue fleti ya chumba kimoja cha kulala, upande wa Bamburi au Mtwapa, ya Sh5 milioni. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako ukishaambiwa bei.

Kwanza kuna gharama za kununua. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mijini, yaani Sh200,000 (mashambani ni asilimia 2). Ongeza wakili, usajili na mthamini, tuseme Sh100,000. Sasa fleti imekugharimu Sh5.3 milioni, na hujanunua hata pazia.

Tuseme unaipangisha kwa Sh30,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni Sh360,000. Toa mwezi mmoja ambao nyumba itakaa tupu mpangaji akihama: unabaki na Sh330,000.

Sasa wadai wanapanga foleni. KRA inachukua ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5, ambao ni Sh24,750. Ada ya huduma za jengo, yaani mlinzi, lifti, taa na takataka, tuseme Sh3,500 kwa mwezi: Sh42,000. Wakala anayekusimamia kwa asilimia 8 anachukua Sh26,400. Marekebisho, Sh30,000. Ada za ardhi, Sh5,000. Jumla ya matumizi ni Sh128,150.

Kinachobaki ni Sh201,850 kwa mwaka. Gawanya kwa Sh5.3 milioni ulizotoa. Ni asilimia 3.8.

Ukiwa umechukua mkopo, hapo ndipo kuna noma. Benki ikikupa Sh4 milioni kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20, utalipa takriban Sh52,700 kila mwezi. Mpangaji anakupa Sh30,000. Pengo linalobaki linatoka kwenye mshahara wako, na bado hujalipa KRA wala fundi. Ndiyo maana Kenya nzima ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 pekee.

Muuzaji atakujibu kwamba faida kubwa imo kwenye bei ya nyumba yenyewe, ambayo itapanda. Inaweza kupanda kweli. Lakini hiyo ni faida ya kwenye karatasi hadi umpate mnunuzi, na ukimpata, serikali inachukua asilimia 15 ya faida kama ushuru wa mtaji, kiwango kilichoanza Januari 2023 kutoka asilimia 5. Ukinunua kwa sababu ya kupanda kwa bei pekee, umekuwa mchuuzi wa nyumba. Ni biashara halali, ila usiichanganye na kuishi kwa kodi.

Kuhusu huo ushuru wa asilimia 7.5, elewa unavyofanya kazi. Unamhusu mtu anayepokea kodi ya makazi kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Unakatwa kwa kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama, na unalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yaani hata mwezi ambao tangi la maji limepasuka na fundi amekula kodi yote, KRA bado inadai chake. Kodi yako ikiwa chini ya Sh24,000 kwa mwezi hauko kwenye mpango huo, lakini bado unatakiwa kuitaja mapato yako kwenye ripoti ya mwaka.

Kaskazi ikiondoka

Watu wa Pwani tangu zamani huhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi: bahari imetulia, jua ni kali, wageni wanajaa. Kisha kusi huingia karibu na Aprili. Mvua inanyesha, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, na wageni wanapungua. Kati ya Aprili na Juni, baadhi ya hoteli za Diani, Watamu na Malindi hupunguza wafanyakazi au kufunga kabisa kwa ukarabati. Agosti mambo huamka kidogo, Desemba ni sherehe.

Zile video za Airbnb hurekodiwa kaskazi. Hakuna anayerekodi kitanda kitupu cha mwezi Mei.

Turudi kwa ile studio ya Sh5,000 kwa usiku. Ukijumlisha Desemba iliyojaa na Mei iliyo tupu, tuseme unapata wastani wa usiku 12 kwa mwezi. Hiyo ni Sh60,000. Wageni sita, kila mmoja usafi wa Sh800: Sh4,800. Anayekupokelea wageni na kukabidhi funguo anachukua asilimia 20: Sh12,000. Stima ya kiyoyozi, maji, intaneti na gesi: Sh10,000. Ada ya huduma za jengo: Sh3,500. Taulo zilizopotea, glasi zilizovunjika, shuka mpya: Sh4,000. Unabaki na Sh25,700 kabla ya ushuru.

Ukiipangisha nyumba hiyo hiyo kwa mtu wa kudumu kwa Sh30,000, ukilipa wakala na ada ya jengo, unabaki na takriban Sh24,000. Tofauti ni ndogo, ilhali kwa Airbnb ulitumia mamia ya maelfu kununua kitanda, friji, runinga na makochi, na simu yako haizimwi usiku.

Airbnb inaweza kulipa, na kuna watu wanaishi kwayo. Wengi wao wana nyumba kadhaa zilizo karibu, wana mtu wao wa usafi, na wako hapo hapo mtaani. Kuendesha studio moja ya Nyali ukiwa Kasarani ni kuajiri watu wasiokujua walinde pesa zako.

Isitoshe, kisheria hiyo ni biashara ya utalii. Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi, serikali iliamuru wenye nyumba hizo wajisajili na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Andika majina na vitambulisho vya wageni wako, na usichukulie leseni kama mzaha. Pia soma sheria za jengo kabla ya kununua. Kuna majengo ambayo wakazi wamepiga marufuku wageni wa siku mbili tatu, na utaligundua hilo siku mlinzi atakapomfungia mgeni wako lango.

Nani anaishi hapa mwaka mzima?

Swali la Mei lina jibu, ila huenda halina mandhari ya bahari. Kuna wafanyakazi wa bandari na wa maghala ya makontena wanaoishi Changamwe, Mikindani na Jomvu. Kuna wauguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Pwani na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi. Kuna walimu, polisi, wahudumu wa supamaketi, madereva, na wapishi wa hoteli wanaoishi Ukunda ili wafike Diani kwa bodaboda.

Hawa hawatafuti kidimbwi cha kuogelea. Wanatafuta keja ya bei wanayoweza, iliyo karibu na steji, yenye maji, yenye mita yake ya stima, na mahali pa kuanika nguo.

Piga hesabu nyingine ya mfano. Ploti ya futi 50 kwa 100 ndani kidogo mwa Kilifi, Sh800,000. Bedsita nane za Sh400,000 kila moja, Sh3.2 milioni. Tangi, shimo la maji taka, ua na vibali, Sh500,000. Jumla Sh4.5 milioni. Kila bedsita ikipangishwa Sh7,000, mwaka mzima ni Sh672,000. Wanafunzi wakienda likizo ndefu, toa miezi miwili yote: Sh560,000. Toa ushuru wa Sh42,000, keateka Sh96,000, marekebisho Sh50,000, na stima na maji ya pamoja Sh30,000. Unabaki na Sh342,000, karibu asilimia 7.6 ya pesa ulizoweka.

Ni mara mbili ya ile fleti, na mpangaji mmoja akihama bado una saba. Lakini kuna kazi ya kujenga, kuna mafundi, na kuna hatari ya kila shilingi kuishia kwenye msingi kabla ukuta upande. Mwenye Sh2 milioni asianze nyumba nane. Aanze mbili zilizokamilika, zenye choo na maji, kisha kodi isaidie kujenga ya tatu. Nyumba mbili zenye watu zinalipa, nane zisizo na paa zinamea magugu.

Angalia pia kama mji unategemea mwajiri mmoja. Kwale wanaelewa hili: Base Titanium ilisitisha uchimbaji wa madini Desemba 2024 baada ya mchanga wenye madini kuisha. Aliyejenga akilenga wafanyakazi wa mgodi pekee alilazimika kutafuta mpangaji wa aina nyingine. Mji wenye chuo, hospitali, soko na afisi za kaunti una nafuu, maana mmoja akikohoa wote hawalazwi.

Maji na chumvi

Mombasa haina mto wake wa maji safi. Hutegemea maji kutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, visima vya Baricho vinavyolisha pia Malindi na Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Ndiyo maana mitaa mingi hupata maji kwa zamu, na mkokoteni wa mitungi ni sehemu ya maisha. Ukikuta nyumba inauzwa bei nafuu kupita kiasi, uliza siku za maji. Gharama ya boza ikiingia kwenye hesabu, ile asilimia 3.8 inaweza kuyeyuka.

Kisima ni suluhu, ila karibu na bahari maji mara nyingi huwa ya chumvi. Yanaharibu mifereji, hita na mashine ya kufua, na wapangaji huchoka haraka. Hewa yenyewe ina chumvi. Mabati hushika kutu mapema, grili za madirisha zinahitaji rangi mara kwa mara, na kiyoyozi hakidumu kama kinavyodumu Nairobi. Anayekuuzia nyumba iliyo hatua chache kutoka ufuoni anakuuzia pia bili ya marekebisho iliyo kubwa kuliko ya jengo lililo kilomita tatu ndani.

Hatimiliki pekee haitoshi

Kama kuna jambo moja ambalo kijana hafai kulipuuza akinunua Pwani, ni ardhi.

Chukua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki ya kipande cha ardhi karibu na ufuo wa Nyali. Ardhi yenyewe ilikuwa imegawiwa Rais wa zamani Daniel Moi mwaka 1989, kisha ikauzwa, kisha ikauzwa tena hadi ikafikia kampuni hiyo. Mwaka 2017, serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda ufuoni. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Aprili 21, 2023, majaji wakaamua kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya umma na iligawiwa kwa njia isiyofaa tangu mwanzo. Kwa hivyo aliyenunua baadaye hakulindwa, hata kama alilipa pesa taslimu na kupewa hatimiliki.

Funzo lake ni zito. Upekuzi rasmi kwenye afisi ya ardhi, ule watu huita sachi, unakwambia nani ameandikishwa leo. Haukwambii ardhi ilitoka wapi. Mwambie wakili afuatilie mlolongo wote: nani aligawiwa kwanza, kwa utaratibu gani, na kama kipande hicho kiliwahi kutengewa barabara, shule au njia ya ufuoni. Mpe pia mpimaji aliyesajiliwa kazi ya kuthibitisha mipaka. Wakili awe wako, usimtumie wa muuzaji.

Ardhi ya Pwani ina historia ambayo haipatikani kwingi nchini. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 1908 iliwapa baadhi ya familia hati za maeneo makubwa ya ukanda wa pwani, ilhali watu waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao hapo wakabaki bila karatasi. Matokeo ni maskwota kwenye ardhi za mabwanyenye wasioishi hapo, mgogoro unaorithiwa kizazi baada ya kizazi. Shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, lilisumbua kwa miaka mingi hadi serikali ikalinunua na kuanza kuwapa wakazi hatimiliki Januari 2016.

Mombasa kuna pia utaratibu wa nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki jengo, mwingine anamiliki ardhi lililosimama, na mwenye jengo anamlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi. Utaukuta Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko. Nyumba kama hiyo inaweza kuuzwa kwa bei tamu sana. Bei ni tamu kwa sababu unanunua kuta tu. Ukitaka kuinunua, jua hivyo, na usitarajie benki ikukopeshe kwa kuitumia kama dhamana.

Kwa hivyo kabla ya kulipa amana, tembelea ploti yenyewe, na si ile ya mfano. Kama kuna minazi au mikorosho iliyotunzwa, makaburi, au nyumba za udongo zenye watu, uliza ni za nani. Ongea na majirani na mzee wa mtaa bila broka kuwepo. Ukiambiwa hao watu wataondolewa ukishalipa, ondoka. Unauziwa vita ya mtu mwingine.

Mengine ni ya kisheria lakini yana uzito. Ploti nyingi za Kilifi na Kwale bado zimeandikishwa kama ardhi ya kilimo, na mauzo yake yanahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Bila kibali, mauzo ni batili. Kwa fleti, Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020 inakupa haki ya hatimiliki ya sehemu yako mwenyewe, kwa hivyo muulize muuzaji kama hati hizo zimetolewa au ziko njiani. Kwa nyumba inayouzwa kabla haijajengwa, lipa kulingana na hatua za ujenzi unazoziona kwa macho, kupitia wakili, na wala usitume pesa zote kwa sababu ya punguzo linaloisha Ijumaa.

Huna milioni tano? Wengi hawana

Kijana anayeweka kando Sh15,000 kwa mwezi hatafika Sh5 milioni kesho. Ana njia mbili za maana.

Ya kwanza ni kuendelea kuweka akiba mahali panapozaa: Sacco, au hati za serikali, ambazo dhamana zake za muda mfupi huanzia Sh50,000. Akiba hiyo ndiyo kipimo chako. Nyumba ikishindwa kulipa zaidi ya pale pesa zako zinapokaa kwa utulivu, anayekuuzia akupe sababu ya ziada.

Ya pili ni chama. Watu sita wakichanga, ile ploti ya bedsita inafikika. Lakini vyama vingi vya ardhi huvunjika kwa sababu ya vitu ambavyo havikuandikwa. Sajili kampuni au ubia, au mkinunua kwa majina yenu, hakikisha hati inasema kila mmoja ana hisa yake kamili. Mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja bila mgawanyo, anayefariki hisa yake inawaendea wenzake waliobaki, wala si watoto wake. Kisha andikeni mapema: anayetaka kutoka atalipwa kwa bei gani, nani anashika akaunti, na kodi inagawanywa lini. Jambo hilo ni rahisi kuzungumza mkiwa marafiki.

Kuna pia wanaokodi nyumba na kuipangisha tena kama Airbnb. Mtaji ni mdogo na unajifunza kazi. Fanya hivyo ukiwa na idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, la sivyo umenunua fanicha za nyumba ya mtu.

Landlodi naye ni jirani

Pwani kuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwekezaji kutoka bara ni mgeni, na mji haupati nafuu ikiwa kila nyumba nzuri imegeuzwa ya watalii huku mwalimu wa shule ya mtaa akisukumwa mbali zaidi na kazi yake kila mwaka. Hilo ni suala la siasa za makazi ambalo kaunti zitalazimika kulishughulikia. Lakini ni suala la biashara pia. Mpangaji aliyekaa miaka minne, anayelipa kwa wakati na kukupigia simu bomba likivuja kabla ukuta haujaoza, ana faida kuliko ongezeko la Sh2,000 litakalomfukuza na kuacha nyumba tupu miezi miwili.

Andika mkataba, hata wa bedsita. Amana irudishwe mtu akihama bila uharibifu. Usikate stima wala kung'oa mlango mtu akichelewa kulipa, fuata sheria. Hayo mambo ulikuwa ukiyalilia ulipokuwa mpangaji.

Basi ukiwa umeshawishika na bado una hamu, fanya hivi kwa mpangilio. Chagua mji mmoja na uujue. Andika nani anaishi hapo mwaka mzima na analipa kodi kiasi gani sasa hivi. Piga hesabu ya kinachobaki, na ulinganishe na Sacco yako. Halafu mtume wakili kwenye asili ya ardhi.

Na ile safari ya kwenda kuona nyumba, usikubali kubebwa na basi la kampuni wikendi ya Desemba. Nenda mwenyewe Jumanne ya Mei, mvua ikinyesha. Panda matatu kutoka mjini hadi hapo, uhesabu nauli na dakika. Fungua mfereji. Hesabu madirisha yenye taa saa mbili usiku. Yakiwa mengi, sasa unaweza kuanza kuzungumzia bei.